Kaburi Upande wa Jirani

Kiwanja chetu cha Ilula tulikinunua kwa kunyooshewa mkono. Muuzaji, mzee wa kanisa letu, alituonesha mstari wa milingoti, akasema, "Mpaka ndiyo hiyo miti."

Mume wangu akauliza, "Jirani mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko kazini Mgololo. Yule mtu wa amani, hana neno."

Mume wangu alitaka tumsubiri. Mimi nikamfinya mkono, nikasema tumeridhika. Niliona aibu, kumbana mzee wa kanisa ni kama kumwita mwongo mbele ya watu. Tukaweka saini, mashahidi wote wakiwa wa upande wa muuzaji. Mwenye akili alikuwa mume wangu, mdomo ulikuwa wangu.

Tukajenga. Tukalima nyanya hadi kwenye mizizi ya milingoti. Miaka ikapita, mume wangu akafariki, na kama alivyoomba, tukamzika kwake, kando ya ile miti.

Kisha wapimaji wakaja kupima mtaa mzima, na jirani akaja kutoka Mgololo. Hakupiga kelele. Alieleza tu kwamba baba yake alipanda milingoti hatua sita ndani ya eneo lake, ili kivuli kisiharibu mazao ya mwenziwe. Wazee wote waliozunguka wakaitikia kwamba ni kweli. Hatua sita za wema, na sisi tulizila bila kujua. Bikoni ya mpaka ikapigwa kati ya nyumba yangu na kaburi.

Mzee wa kanisa alitazama viatu vyake. "Na mimi nilijua mpaka ni miti," akasema. Nilimchukia, halafu nikajichukia zaidi.

Jirani akaniambia, "Mama, mzee wako simfukui. Ila ukuta nitajenga."

Sasa mwanangu anatafuta kiwanja Mbeya. Nimemwambia: kanyaga mpaka ukiwa na majirani wa pande zote, mwenyekiti awepo, mpima aje kabla hujatia saini. Jirani akiwa safarini, msubiri arudi. Muuzaji hata awe askofu, usimwonee haya. Ananijibu, "Sawa, mama," kwa ile sauti ya kunituliza.

Ukuta umekwisha, kaburi limebaki ndani yake, una geti la bluu. Jumamosi nachukua jembe nikapalilie kaburi la mume wangu. Nafika getini, napiga hodi, nasubiri. Watu wa jirani wakiwa hawapo, narudi nyumbani na jembe langu.