Beseni la Mama na Ramani ya Wabelgiji

Mimi si mtu wa kushangaa upesi. Nafundisha jiografia hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa, na wanafunzi wanajua kwamba hasira za madame huyu ziko karibu kuliko chaki. Lakini siku niliyokiona kijiji cha mama yangu kwenye simu, nilikaa sakafuni mbele ya darasa tupu.

Ilikuwa ramani ya wakati wa Wabelgiji. Mtu aliipiga picha huko Ulaya, ikatembea kwenye WhatsApp mpaka ikanifikia. Wachimbaji wa dhahabu wa Misisi wanazipenda sana ramani hizo, kwa kuwa wanaamini Wabelgiji walifukia mali walipoondoka, na kila msalaba wanaouona wanadhani ni dhahabu. Misalaba yenyewe ni makanisa. Mimi nilitafuta kitu kimoja tu: mahali ilipokuwa nyumba ya mama, ng'ambo ya kijito, kwenye njia ya kwenda Kilembwe.

Sababu ni hii. Vita vilipofika kwetu mara ya kwanza, miaka mingi baada ya Wabelgiji kuondoka, mama alikuwa hajamaliza miaka miwili ya ndoa, na mtoto wake wa kwanza alikufa kwa homa alfajiri ileile ambayo kijiji kilikimbia. Hakukuwa na nafasi ya matanga wala ya jeneza. Alimzika nyuma ya jiko, shimo fupi, akamfunika kwa beseni la chuma lenye maua alilopewa na mama yake siku ya harusi, mbwa wasije wakamfukua. Akarudisha udongo, akashuka ziwani na wenzake, wakavuka kwenda Kigoma. Mimi nilizaliwa kambini Tanzania, na mpaka leo watu wa hapa wananicheka kwamba Kiswahili changu kimepigwa pasi.

Waliporudi, kijiji hakikuwepo. Nyumba ya udongo ikiachwa hurudi kuwa udongo. Michikichi ilikuwa imechomwa, na watu walikuwa wamejenga upya kando ya barabara. Kila kiangazi mama alikwenda kutafuta. Alivuka kijito, akanawa miguu kama walivyozoea kabla ya kuingia kijijini, akazunguka kwenye majani mpaka jioni, akarudi. Mwaka jana magoti yakaanza kumkatalia. Akaniambia, "Mutoto wangu, mi nitakufa bila kujua nilimuachaka wapi." Nikamfokea asiseme maneno kama hayo, kisha nikaenda kulia jikoni.

Sasa tazama ilichoniambia ramani. Kijito kilipita chini ya kijiji, upande wa ziwa, kikizunguka kilima kidogo kilicho pembeni ya kijiji. Kilima kile nakifahamu, nimekipita mara nyingi. Leo kijito kinapita nyuma yake, upande wa milima. Nilitazama tena na tena. Mafuriko yalikihamisha kijito, lakini kilima hakihami. Kwa mama, kwao ni ng'ambo ya maji, basi miaka yote alivuka maji kwanza ndipo akaanza kutafuta. Kila alipovuka, kijiji chake alikuwa amekwisha kukipita.

Nilimfikiria mzungu aliyechora karatasi ile. Hakutupenda. Alivitafuta vijiji vyetu ili ijulikane nani atalima pamba na nani atabeba mizigo. Lakini alifuata kila kona ya maji kwa mkono wa uangalifu, na kona yake moja ilikuwa inanirudishia kaka yangu. Nilimshukuru, na kumshukuru kuliniuma.

Mume wa dada yangu anatafuta dhahabu Misisi kwa mashine tunayoiita detekta, fimbo yenye sahani chini, inayolia ikipita juu ya chuma. Akaja nayo kwa pikipiki, tope mpaka kifuani. Nilikuwa nimechapisha ramani kwenye duka la fotokopi na kuunganisha vipande kwa gundi.

"Shemeki, we iko naamini karatasi kuliko batu?" akanitania.

"Na we iko naamini fimbo," nikamjibu.

Mahali penyewe palikuwa shamba la muhogo. Mwenye shamba alikunja uso alipoiona mashine, lakini aliposikia habari ya mtoto alichukua jembe lake mwenyewe akaanza kutufungulia njia. Mama alikaa mbali, ametupa mgongo, maana mkwe na mama mkwe hawasogeleani hovyo, nami nikawa natembea kati yao kupeleka habari.

Mashine ililia kwa maganda ya risasi. Ikalia kwa kopo la sardini, na kwa jembe lililoliwa na kutu. Jua lilikuwa kali na mimi nilianza kugombana na kila mtu. Kisha jembe la mwenye shamba likagonga jiwe, na jingine, na jingine, yote meusi kwa moshi. Mafiga. Tulikuwa tumesimama ndani ya jiko.

Shemeji akapeleka sahani nyuma ya mawe yale. Mashine ikalia kwa sauti nzito, pana, isiyokatika. Akaizima, akavua kofia, akaenda zake barabarani bila kuambiwa. Nilichimba kwa mikono. Kwanza nikagusa ukingo wenye kutu, kisha pakatokea ua la bluu, bado bluu, nami nikamwita mama.

Mama alikuja kwa miguu yake, akakataa kushikwa mkono.

"Tuinue?" nikamuuliza.

"Hapana. Iko hapa."

Akaweka kiganja juu ya beseni, kama unavyompima mtoto homa, akakiacha hapo muda mrefu. Tulisali, tukarudisha udongo. Mwenye shamba akasema hapo hatapanda tena kitu.

Kisha mama akaomba ramani. "Kwetu iko wapi?" Nikamwonyesha. Akapitisha kidole pembeni ya jina la kijiji. "Na yeye?"

"Yeye hayumo, mama. Hii ni ya zamani."

"Mutie."

Nilitoa kalamu nyekundu ya kusahihishia, nikaweka nukta. Ilikuwa ndogo mno hata nikaona aibu, nikainamisha kalamu tena ili niikuze. Mama akanishika mkono.

"Acha vile," alisema. "Alikuwaka kadogo."