Amuron wa Malaba alivyosafiri hadi Denmark kujifunza kumpa mgeni kazi

Malori hayajaanza kunguruma kwenye foleni ya Malaba, lakini jikoni kwa Amuron moshi umeshatanda hadi kwenye mabati. Uji wa wimbi unatokota kwenye sufuria moja. Nyingine, kubwa kama pipa, imelazwa ubavu huko nje karibu na mfereji wa maji, na ndani yake amejitumbukiza msichana wa Kizungu, kichwa na mabega yote. Anasugua ukoko wa jana kwa jivu, na kinachoonekana ni miguu tu.

"Yoga!" anaitikia kwa Kiteso kila anayepita akimsalimu, sauti ikitokea ndani ya sufuria.

Anayepita sasa hivi ni Selpha, muuza samaki, beseni kichwani na mjukuu mgongoni. Anasimama. Ameyaona haya kila asubuhi kwa miezi miwili, na bado hajayazoea.

"Mama Okurut! Hivi wewe huoni aibu? Mgeni anaosha sufuria, wewe umekaa hapo unakoroga uji tu?"

"Muache," Amuron anajibu bila kugeuka. "Hiyo sufuria ni yake."

"Ati ni yake! Woi! Watu wa kwao wakisikia watasema nini juu yetu?"

Amuron anacheka hadi mwiko unamponyoka. Anajua vizuri watakachosema, kwa sababu kwao alishafika.

Amuron, mama wa watoto wanne, ni mpishi wa kituo cha kulea watoto kilichoko nyuma ya soko, upande wa Kenya. Kina mama wanaovuka kwenda Uganda kununua ndizi, mayai na nyanya huwaacha watoto wao hapo asubuhi na kuwachukua jioni. Kazi hiyo ameifanya kwa miaka kumi na mmoja, kwa mshahara wa shilingi elfu tisa kwa mwezi. Wanakijiji hawamwiti mpishi. Humwita mama wa kituo, kwa kuwa hata mwalimu mkuu wake, Egesa, hafanyi jambo kabla ya kumuuliza.

Kinachomkosesha usingizi ni watoto wachanga. Kituo hupokea wale walioanza kutembea pekee, maana mikono haitoshi. Wachanga hubaki migongoni mwa mama zao, wakivushwa mpakani katikati ya malori na mavumbi. Sharlyne, mjukuu wa Selpha mwenye miezi saba, ni mmoja wao. Mama yake anafanya kazi Nairobi, kwa hiyo Sharlyne huuza samaki na nyanyake kutwa nzima, jua liwake au mvua inyeshe.

"Chumba tunacho," anasema Amuron akionyesha mlango uliofungwa kwa kufuli. "Vitanda vidogo tunavyo. Kitu hatuna ni watu."

Watu hao walipaswa kutoka kwenye shirika moja la kigeni linalotuma vijana wa kujitolea sehemu mbalimbali za dunia. Na walikuja kweli. Shida ni kwamba hawakukaa.

Wa kwanza aliondoka kabla ya muda wake. Wa pili vilevile. Wa tatu, kijana mrefu mpole, alijifungia chumbani siku nzima, kisha akamwambia Mwalimu Egesa kwamba anajiona kama mzigo. Malaba ilishtuka. Watu walidhani ni malaria. Wakamchinjia kuku mwingine.

"Aki, tuliwatunza hao watoto!" Amuron anaeleza, mkono kifuani. "Akishika fagio, tunamnyang'anya. Akitaka kuteka maji, mtu anakimbia kuchukua mtungi. Akikaa peke yake dakika mbili, tunamletea mtu wa kumpigia stori. Yule wa kwanza alinenepa mpaka suruali ikakataa. Sasa mtu kama huyo analia nini?"

Shirika nalo halikuelewa. Likasema Malaba itaondolewa kwenye orodha yake, isipokuwa mtu mmoja anayeishi na vijana hao ahudhurie mkutano wa mafunzo nchini Denmark, pamoja na wenyeji na wajitoleaji kutoka nchi nyingine. Mwalimu Egesa alikuwa ameshaanza kupiga pasi suti yake. Akaambiwa hapana, si mkubwa wa kituo anayetakiwa. Anatakiwa yule anayewapikia.

Basi Amuron, ambaye amevuka mpaka maisha yake yote kwenda kununua sukari bila kuulizwa jina, akatafuta pasipoti kwa mara ya kwanza.

"Nilimuuliza yule afisa, pasi ya nini, si mimi huenda nje ya nchi kila Jumanne? Akacheka. Akaniambia, mama, huko unakoenda hawakujui."

Kanisa lilimwombea. Selpha alimfungia samaki wakavu kutoka Port Victoria, akawavisha karatasi tabaka kwa tabaka, na bado mtu aliyeketi karibu naye kwenye ndege akaomba kuhamishwa. Alipofika, samaki hao wakachukuliwa uwanjani na hakuwaona tena. Hadi leo Selpha anadai kwamba maafisa waliwala.

Mkutano ulifanyika mashambani, kwenye nyumba kubwa ya matofali iliyozungukwa na malisho. Amuron aliingia akiwa amevaa gomesi yake ya bluu, ile ya harusi, mshipi umefungwa ukakazwa. Alikuwa amejiandaa kukaribishwa. Aliyempokea alimwonyesha kitanda, akampa shuka, akamwambia atandike. Sawa. Chakula cha jioni kilikuwa viazi. Sawa pia. Ila alipomaliza kula, mwanamke mmoja mwenye miwani alimwelekeza kwenye karatasi ukutani. Jina lake lilikuwa hapo, juu kabisa: kuosha vyombo.

"Nilisoma mara tatu," anasema. "Nikafikiri labda kuna Amuron mwingine. Mimi mgeni, sijamaliza siku moja, nimetoka Malaba na gomesi yangu, ati nioshe vyombo? Hata chai ya pili sijapewa!"

Alienda chumbani akalia. Akampigia simu Selpha. Selpha, kwa sauti iliyosikika nusu ya soko, akatoa hukumu papo hapo: "Rudi nyumbani! Hao si watu!"

Angerudi, lakini ndege haisimamishwi njiani kwa kupungiwa mkono. Akafuta machozi, akapandisha mikono ya gomesi, akaenda jikoni.

Huko alimkuta Tiago, kijana kutoka Brazil, povu hadi viwikoni. Tiago hakujua Kiswahili, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Akampa kitambaa cha kukaushia. Dakika chache baadaye Amuron akaona kijana anapanga sahani zikiwa bado na mafuta. Hapo uvumilivu ukamwishia. Akamsukuma kwa nyonga kama anavyomsukuma mwanawe Okurut, akashika sinki mwenyewe. Tiago akaanza kuimba. Amuron akaimba wimbo wa kanisani kwao. Wengine wakaja kuchungulia, wakabaki.

"Kufikia sahani ya mwisho, nilikuwa najua nani ameacha mchumba, nani anaogopa kurudi kwao, nani hali vitunguu," anasema. "Nikalala kama mtoto. Kesho yake niliamka nikijua kijiko kinakaa wapi. Na ukijua kijiko kinakaa wapi kwa nyumba ya watu, wewe si mgeni tena."

Siku iliyofuata mkufunzi aliwauliza washiriki wote swali moja: ni saa gani, tangu mfike, mlijisikia mko nyumbani? Mmoja alitaja kitanda, mwingine akataja sala. Zamu ya Amuron ilipofika, alisimama akasema ni jikoni, jana, akiosha vyombo. Watu wakacheka. Naye akaanza kucheka pamoja nao.

Kisha akaacha kucheka.

"Nikawaona wale vijana wetu watatu," anasimulia, na sasa sauti yake imeshuka. "Nikamwona yule wa mwisho akisimama mlangoni kwa jikoni yangu kila asubuhi, mikono imening'inia hivi, anangoja nimpe kitu. Na mimi namwambia, kaa, kunywa chai, pumzika. Anapumzika nini na hajachoka? Walivuka bahari kuja kusaidia, sisi tukawaweka kwa kiti kama picha. Kumbe tuliwafukuza wenyewe. Tuliwafukuza na kuku!"

Alilia mbele ya watu wote. Mwanamke mwenye miwani akamletea chai ya pili, ile aliyoikosa. Kabla ya mkutano kufungwa, Amuron aliomba nafasi moja ya mwisho kwa ajili ya Malaba: kijana mmoja, miezi miwili. Akishindwa, waifute. Shirika likakubali.

Hivyo ndivyo alivyokuja Katrine kutoka Denmark, binti wa miaka ishirini na miwili, yule yule wa ndani ya sufuria.

Siku aliyofika, mtaa mzima ulikuwa langoni. Kulikuwa na soda, kuku wawili wamefungwa miguu, na kiti kilichotandikwa kitambaa cha kushona kwa mkono. Mwalimu Egesa alikuwa na hotuba mkononi. Katrine aliposhuka kwenye bodaboda na begi lake, Amuron alimkumbatia, akamwongoza hadi kwenye kile kiti, akakipita. Akamkalisha kwenye kigoda cha jikoni. Akampa kisu na karai la viazi.

Mwalimu Egesa alirudisha hotuba mfukoni.

"Nilitamani ardhi inimeze," anakiri mwalimu. "Nilijua tumekwisha."

Katrine akatazama kisu. Akatazama viazi. Akauliza ni vyote? Akajibiwa ni vyote. Akaanza kumenya maganda manene, nusu ya kiazi ikienda na ganda, na Selpha akashindwa kuvumilia. Alijirusha kumnyang'anya kisu, Amuron akamzuia kwa mwili mzima, na wanawake hao wawili wakasukumana mbele ya mgeni huku kuku wakipiga kelele. Katrine alicheka hadi akajikata kidole. Kidogo tu, wote wanasisitiza.

Tangu hapo kazi ya viazi ikawa yake, kisha sufuria kubwa, kisha kuwalaza watoto mchana. Lakini asidhani mtu kwamba Amuron alishinda vita hiyo kirahisi. Asubuhi moja mvua ilinyesha vibaya. Akamhurumia binti wa watu, akatoka kimyakimya, akaiosha sufuria mwenyewe. Katrine aliamka akaikuta inang'aa. Alishinda amenuna hadi jioni.

"Nikamwomba msamaha," anasema Amuron. "Nilikuwa nimemrudisha kwa kiti."

Leo, Ijumaa, miezi miwili imetimia. Mratibu wa shirika, Vivian Oduori, anafika saa nne asubuhi kutoka Kisumu kumuuliza Katrine swali moja: anaendelea au anarudi kwao? Akiendelea, Januari wataletwa wengine wawili, na chumba cha wachanga kitafunguliwa. Akirudi, Malaba inafutwa.

Amuron hajamuuliza kitu. "Nikimuuliza, atanijibu kwa adabu," anasema. "Sitaki adabu."

Vivian anapowasili, watu wanajifanya wana shughuli. Mwalimu Egesa anafuta ubao uliokwisha kufutwa. Amuron anakoroga sufuria isiyo na kitu ndani. Katrine anakaa kwenye benchi mbele ya mratibu, mikono ikiwa bado na jivu.

"Katrine," anaanza Vivian, "tumekuja kusikia kutoka kwako. Umeonaje? Ungependa kuendelea au..."

"Wewe Katrine!"

Sauti inatoka langoni. Ni Selpha. Soko limempa asubuhi njema, samaki wamezidi, naye ametota jasho. Anapita katikati ya mkutano bila kusalimu mtu, anatua beseni la samaki mapajani mwa msichana, anamfungua Sharlyne mgongoni na kumkalisha kando yake kwenye benchi.

"Toa hizi magamba haraka, wateja wananingoja. Na ushike huyu mtoto asianguke. Mimi nimechoka!"

Kisha anakumbuka. Anaona watu wamekodoa macho. Anaweka mkono mdomoni.

"Woi, mama yangu. Nimempa mgeni kazi."

Katrine ameshasimama. Beseni liko kiunoni, Sharlyne yuko mkono wa pili, na uso wote umemchanua. Anaelekea mferejini, na jibu la mratibu anampa akiwa ameshampa mgongo.

"Nakaa."

Amuron anaketi chini hapo hapo alipo, mwiko mkononi, anacheka na machozi yanamtoka. Vivian anafunga daftari lake kabla ya kuandika neno. Mwalimu Egesa, kwa kukosa la kufanya, anaitoa hotuba ya miezi miwili iliyopita na kuisoma yote.

Mchana, mlango wa chumba cha wachanga unafunguliwa ili hewa iingie. Vitanda vinatolewa nje juani. Selpha mwenyewe ndiye anayekipangusa cha Sharlyne, na hataki kusaidiwa.

Amuron anasema ndoto yake ni kwamba mwakani asiwepo mtoto hata mmoja wa Malaba anayevushwa mpakani akiwa mgongoni kwa kukosa pa kuachwa. Anangoja Januari kwa hamu. Mtaa umeshaanza kupanga mapokezi ya wale wawili, na kuku wameanza kutajwa tena. Yeye amewaambia wapike watakacho, ila kiti chenye kitambaa kibaki ndani.

"Mimi niko tayari," anasema, akifungua kabati la jikoni. "Visu viwili nimeshanunua."