Kinyama cha Shingoni mwa Dada Boatemaa

Dada yangu Boatemaa alikuwa fundi cherehani hapa Mampong, na tangu nipate akili sikuwahi kumwona bila futi shingoni. Jumapili moja alisahau kuivua, akaingia nayo kanisani, mchungaji akamuuliza kama amekuja kumpima joho. Alicheka mpaka ikabidi atoke nje. Mumewe alifariki mapema. Kwa cherehani ile ile aliwasomesha wanawe wawili, na mimi mdogo wake akanifikisha sekondari, leo naitwa katekista. Mungu amlaze pema.

Kinyama kilimwota upande wa kushoto wa shingo, pale futi ilipokuwa ikipita. Mwanzo kilikuwa kama punje ya mtama, na wateja walimtania. Aliyezidi ni shoga yake, Konadu.

"Fundi, hicho kifungo umekishona mwenyewe?"

"Nimekishona. Limebaki tundu. Lete shingo yako nitoboe."

Kikakua, kikawa cheusi, kikaanza kutoa damu. Siku moja alimaliza nguo nyeupe ya mzazi aliyekuwa anakwenda kumshukuru Mungu kwa kujifungua salama, akaona doa jekundu kwenye ukosi. Aliifua huku analia. Kesho yake akachukua kadi yake ya bima, ambayo kila mwaka aliilipia kabla ya kununua nguo ya Krismasi, akaenda hospitali peke yake.

Sisi tumelelewa hivi: mgeni akifika, unampa kiti, unampa maji, ndipo unamuuliza safari yake. Naye, hata kama amekuja kuleta habari ya kifo, huanza kwa kusema kwamba ni amani, hakuna baya. Unaipokea amani yake, unamuuliza tena, hapo ndipo anafungua moyo. Dada yangu aliushika utaratibu huo kama alivyoushika Ubatizo wake.

Jioni nilimkuta amekaa kwenye cherehani bila kushona.

"Wamesemaje?" nikamuuliza.

"Wamesema ni urembo."

"Urembo gani?"

Akanieleza. Kwenye dirisha la mapokezi palikuwa na kijana, na nyuma yake foleni ndefu. Kijana akamuuliza ana tatizo gani. Akajibu hakuna baya, ni amani tu. Sasa umefuata nini, mama? Akasema ni hiki kinyama, si kitu, kinanasanasa tu kwenye shanga zangu za shingoni. Kijana akaandika. Akamwambia bima hailipi mambo ya urembo. Akitaka kukatwa atatoa cedi mia nane mfukoni. Kama kingekuwa kinauma au kinatoa damu, bima ingelipa kukikata, naye angelipia kipimo cha maabara tu. Cedi mia nane kwake ilikuwa mishono sita ya kaba, blauzi ya akina mama, na mteja mwenyewe awe anayelipa.

"Sasa dada, kwa nini hukumwambia kinatoa damu?"

"Hakuipokea amani yangu. Nimrushie mtu damu usoni hata kiti hajanipa?"

"Basi rudi kesho umwambie."

"Amponsa, nimeshaandikwa urembo. Nikirudi na damu, watasema mama huyu amekwenda kujifunza uongo ili alipiwe. Mimi siibi bima."

Nilimsihi wiki ile nzima, na Pasaka ilipofika nikamsihi tena. Kwa maneno huwezi kumshinda mtu anayeogopa kusema uongo. Badala yake alichukua uzi wa nailoni, akakifunga kinyama kwenye shina akakaza. Kikakauka, kikadondoka nusu. Akamshukuru Mungu hadharani katika kikundi cha akina mama. Mvua zilipoanza kilikuwa kimerudi, kipana kuliko kwanza.

Mwaka ulizunguka hivyo. Mwisho Konadu alimshika mkono akamtoa dukani kwa nguvu. "Leo unakwenda hospitali. Usiponifuata napiga kelele sokoni kwamba umenilia nguo yangu."

Safari hii niliwasindikiza. Chumbani alikuwamo nesi wa makamo, Pokuaa. Alinyanyuka, akavuta kiti, akamletea dada yangu maji kwa mikono miwili. Dada alikunywa kidogo.

"Huku kwetu ni salama, Maame. Habari za safari?"

"Ni amani tu. Hakuna baya."

"Tumeipokea amani. Na lililokuleta?"

Hapo dada yangu alisema yote bila kupumzika: damu, doa kwenye nguo nyeupe, uzi, maumivu ya usiku yanayoshuka mpaka begani. Mimi mwenyewe habari ya maumivu sikuwa nayo. Nesi Pokuaa aliandika upya, daktari akaangalia, na wiki ile ile kikakatwa. Bima ililipa. Dada alitoa cedi mia mbili tu, za kupeleka kipande Kumasi kikapimwe.

Njiani alikuwa na furaha ya mtoto. "Mia nane imegeuka mia mbili! Ningejua, yule kijana ningemsimulia hata ndoto zangu."

Majibu yalipokuja, daktari alitukalisha wote watatu. Ugonjwa ulikuwa mbaya, tena umeshaingia kwenye tezi za shingo.

"Kingekatwa mwaka jana, angepona?" nikauliza.

"Pengine. Sijui. Sitakudanganya."

Dada akanigusa goti. "Usimbane daktari wa watu."

Tulimpeleka Kumasi kwa matibabu. Akaishi miezi michache. Shingo ilikataa kugeuka, akawa anageuka mwili mzima kumtazama anayeingia. Hakumlaumu yule kijana hata siku moja, na mimi nimekatazwa. Lakini aliniachia agizo: niwaambie wanawake wa kanisa kwamba wakifika kwenye dirisha la hospitali waanze na damu, amani watamwachia Mungu.

Siku ya ibada ya shukrani baada ya mazishi yake, sote tumevaa nyeupe na nyeusi, nilisimama mimbarani nikalisema kama alivyolisema. Mzee mmoja wa ukoo aliguna kwamba maneno hayo hayana adabu mbele ya watu. Konadu akanyanyuka kutoka benchi la akina mama, macho yamemvimba.

"Rudia, Katekista. Huku nyuma hawakusikia."

Nikarudia.