Herufi Moja Kwenye Jiwe la Baba

Baba yangu alifundisha Kiswahili kwenye shule za msingi za Temeke mpaka alipostaafu, na hakuna kitu kilichomuudhi kama mtu kuchanganya r na l. Mtoto akiandika "kurara" badala ya "kulala", baba alimwandikisha neno lile mara hamsini. Kisha akazisoma zote hamsini. Hilo la kuzisoma ndilo ninalotaka lieleweke. Jumamosi nzima alikaa barazani na rundo la madaftari, darasa moja lina watoto zaidi ya mia, na hakuna ukurasa alioupiga alama bila kuupitia. "Ukisahihisha bila kusoma," alikuwa akituambia, "umemwibia mtoto, tena mchana kweupe."

Sisemi alikuwa malaika. Mama yangu anatoka bara, kwa watu ambao r na l kwao ni herufi moja, na baba hakumwacha apumue. Mgeni akibisha hodi, mama akaitikia "Kalibu ndani," sauti ya baba ilitoka chumbani: "Karibu." Mbele ya mgeni. Mama alicheka kidogo akaenda kuchemsha chai. Dada zake baba waliposikia hivyo walijifunza na wao, wakawa wanamwigiza mama jikoni kwake mwenyewe, huku wanakula chakula chake. Miaka ilivyokwenda mama akawa mtu wa maneno machache kila mawifi wakiwepo.

Baba mwenyewe mama alimwita Mwarimu. Hakuwahi kulitamka vingine. Sijui kwa nini neno hilo baba hakulisahihisha. Labda alichoka, labda alilipenda. Sikumuuliza.

Alipofariki tulimzika Kibamba, karibu na nyumba aliyojenga kwa kiinua mgongo. Mwaka ulipokaribia kutimia, tukapanga ibada ya kumbukumbu na kuweka jiwe kaburini. Mimi ndiye mkubwa, kwa hiyo kazi ya jiwe ikaniangukia.

Karakana niliyoelekezwa ilikuwa kando ya barabara, njia yangu ya kwenda kazini, mawe yamepangwa nje kama meza za mgahawa. Ndani alikuwepo msichana wa mapokezi na kompyuta yake. Nilikuwa nimeandika maneno yote kwenye karatasi, kwa herufi kubwa, nikayarudia mara mbili nyumbani kabla sijatoka. Nikampa. Aliyachapa huku sikio moja lina kifaa cha muziki, anatabasamu na kitu ambacho sio mimi.

"Naomba nione ulivyoandika," nikasema.

"Fundi atakutumia sampo kwenye WhatsApp, dada. Utaangalia, ukikubali ndo anachonga."

Nililipa yote siku ileile. Mtu asiniulize kwa nini, nilitaka tu liishe.

Sampo haikuja. Nilipopiga, mwenye karakana akasema jiwe lipo kwenye mashine. Wiki iliyofuata likawa bado lipo kwenye mashine. Mara umeme umekatika, mara fundi amefiwa, mara "nitakupigia mwenyewe, sista, wala usijisumbue." Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu asiye na wasiwasi na lolote. Ijumaa, ibada ikiwa kesho yake, niliomba ruhusa kazini nikaenda kukaa palepale. Msichana akanionyesha benchi. Alikuwa anaangalia vichekesho kwenye simu. Nilikaa zaidi ya saa mbili na hakuna aliyeniambia neno.

Pale kwenye benchi nilijiona. Mie pia nakaa dirishani, kwenye ofisi ya umma ambayo sitaitaja. Wiki chache nyuma alikuja mzee mmoja kufuatilia faili lake. Nilimwambia mtandao uko chini. Mtandao haukuwa chini. Faili lake lilikuwa rafu ya juu kabisa, na kiti cha kupandia kilikuwa kimeazimwa chumba cha pili. Alirudi mara tatu yule mzee, na mara zote alianza kwa kunishukuru. Nikiwa mdogo nilidhani kazi ya baba imo kwenye damu yetu. Kumbe sie wengine tumerithi pua yake tu.

Jioni mwenye karakana akatokea. "Limekamilika. Tumeshalifunga kabisa, lisije likakwaruzika njiani. Asubuhi mapema tupo nalo Kibamba."

"Nataka kuliona."

"Dada, niamini. Kazi yetu hii kila siku."

Nikaamini. Nilikuwa nimechoka, na chakula cha wageni kilikuwa hakijapangwa. Hapo ndipo na mimi nina sehemu yangu, na siikatai.

Asubuhi mapema ikawa saa tano. Mchungaji alikuwa ameshafika, waumini wameanza wimbo wa pili, shangazi zangu wamekaa mbele na vitenge vya sare, ndipo pikapu ikaingia kwa fujo. Mafundi wawili wakashuka, wakakoroga saruji palepale, wakapachika jiwe kichwani mwa kaburi likiwa bado limefungwa karatasi, wakalifunika kitambaa cheupe tulichokiandaa na kuzichana karatasi kwa chini. Hawakupima kama limenyooka. Mmoja alipiga ngumi mbili pembeni, akafuta mikono kwenye suruali, wakaondoka kabla ya sala.

Mchungaji akamwomba mama afunue. Mama akavuta kitambaa.

HAPA AMEPUMZIKA MWARIMU WETU MPENDWA.

Nilisoma mara ya kwanza nikadhani macho yangu yananidanganya. Nilisoma tena. Wimbo uliendelea kwa ubeti mmoja, kisha sauti za mbele zikapungua, maana waliokuwa mbele wanajua kusoma, na wengi wao walikuwa wanafunzi wa baba. Mtu mzima mmoja alikohoa kuficha kicheko. Mchungaji akaongeza sauti yake ili kuziba.

Mama alikuwa amesimama na kitambaa mkononi, analitazama jiwe kwa utulivu. Alilisoma taratibu, midomo inacheza, na uso wake ukalainika. Hakuona kosa. Kwake lile neno lilikuwa sawasawa, ndivyo alivyomwita mume wake maisha yote.

Ndipo shangazi yangu mkubwa, yule mwenye ulimi, akamgeukia mwenzake akasema, si kwa kunong'ona: "Nani alipeleka maneno? Aah. Basi tumeshajua."

Mama akasikia. Akanishika mkono. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama."

"Wananitazama. Kuna nini kwenye jiwe?"

Sikuwa na njia. Nikamwinamia sikioni. "Wameandika kwa r, mama. Mwalimu ni l."

Alirudisha macho kwenye jiwe. Halafu akaanza kukunja kitambaa, nusu, kisha robo, kisha kidogo zaidi, kama anayetaka kipotee mkononi. "Watasema ni mimi niriyeandikisha," akasema. "Hata akiwa kaburini, nimemwaibisha Mwarimu."

Nilisimama mbele za watu nikasema kosa ni la mafundi, karatasi niliandika mimi, kwa mkono wangu. Watu wakaitikia kwa vichwa. Shangazi naye akaitikia kwa kichwa. Lakini nilijua kabisa hadithi gani ingesimuliwa kwenye magari ya kurudi mjini. Wakati wa chakula mama hakutoka chumbani.

Jumatatu nilikuwa karakanani kabla hawajafungua. Karatasi yangu haikuonekana. Msichana alifungua droo moja, akafunga. Nikamwonyesha picha ya hiyo karatasi kwenye simu yangu, nilikuwa nimeipiga kabla sijampa. Akaitazama, akatazama picha ya jiwe, akairudia tena karatasi.

"Mwarimu, Mwalimu," akasema. "Kwani haisomeki?"

Nilimwomba amwite bosi wake. Akaja, ameshika kikombe cha chai, akasikiliza mpaka mwisho, na nadhani kwa dakika moja nilitegemea aone aibu. Nilikuwa sitaki kingine. Angesema "Tumekosa, tusamehe," ningeondoka nalia na ningemsamehe.

"Ni herufi moja tu, sista. Mbona wateja wetu wengine hawalalamikagi? Na tuseme ukweli, marehemu mwenyewe hasomi."

Nilimtukana. Nilimtukana kwa maneno ambayo baba angenichapa kwa kuyajua, nikiwa mama wa watoto wawili, nimevaa sare ya ofisi. Wapita njia wakasimama. Aliyesogea kunituliza alikuwa muuza mahindi wa jirani. Bosi alirudi ndani na chai yake.

Baada ya simu nyingi alimtuma fundi Kibamba. Yule fundi aliijaza ile r kwa saruji nyeupe, akachonga l juu yake. Ilikaa upande, lakini ilikuwa l. Mama alikubali kwenda kuiona. Alisimama mbali, akasema asante, na fundi akamwomba nauli.

Masika yalipoingia ile saruji ikabanduka vipande vipande. Nilipokwenda kufyeka majani nilikuta herufi zote mbili zinaonekana, moja ndani ya nyingine, na huwezi kusema limeandikwa neno gani. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama nitatafuta karakana nyingine, tutachonga jiwe jipya, safari hii nitakesha nalo.

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Usiandikishe tena," akasema. "Weka saruji tupu. Anayemjua atajua. Mimi nimechoka kusahihishwa."

Ndivyo tulivyofanya. Fundi ujenzi wa jirani aling'oa lile jiwe, akasakafia kaburi lote, akaweka msalaba wa saruji usio na neno. Alifanya vizuri, nakiri, kingo zimenyooka. Shangazi mkubwa alipopita akauliza ndugu yetu kakosa nini mpaka azikwe kama asiye na jina. Mama huenda pale Jumapili baada ya ibada, na akiwa peke yake huongea na mume wake. Mara moja nilimfuata kwa nyuma na mwavuli nikamsikia. Alikuwa anaongea haraka na kwa sauti, maneno mengi kuliko niliyowahi kumsikia akisema mezani kwetu. Nikarudi bila kumpa mwavuli.

Lile jiwe likabaki uani, limeegemea ukuta, na mama hakutaka kulipita kila anapokwenda kuanika nguo. Nikapiga simu karakanani. Akapokea yule msichana. Nikamwambia waje wachukue jiwe lao, sitaki hela, sitaki lingine, walitoe tu nyumbani kwa mama yangu.

"Sie mzigo ukishatoka hatuchukuagi, dada," akasema. "Labda mlilete wenyewe."

Nyuma yake mashine ilikuwa inakata jiwe la mtu mwingine. Nikataka kumwambia amwombe fundi asome kwanza. Alikuwa ameshakata simu.