Mdomo Wazi Gazetini

Picha yenyewe ilikuwa ndogo, haikuzidi kiganja. Mume wangu aliileta nyumbani Temeke kutoka ofisini kwake Kurasini, gazeti limekunjwa ndani ya mfuko wa koti, akanionyesha hata kabla ya salamu. Chini ya picha walikuwa wameandika kwamba hao ndio wasikilizaji wachache waliokuja mkutanoni, wengine wakipiga miayo. Mpiga miayo alikuwa mimi.

Gazeti lilikuwa la serikali. Mkutano ulikuwa wa chama kilichokuwa kikiwadai Waingereza watuachie nchi, na uwanja ulijaa hadi watu wakapanda juu ya mapaa. Mpiga picha alisimama pembeni, karibu nasi wanawake watatu, akaupa umati mgongo. Hilo nina hakika nalo. Nisilo na hakika nalo ni mdomo wangu. Ulikuwa wazi kabisa, jicho moja nimelifumba. Labda nilikuwa napiga vigelegele. Labda jua lilikuwa limenichosha, maana tulisimama tangu saa nane.

"Kesho karani mkuu wa ofisi yetu anakuja hapa kuulizia picha hii," mume wangu akasema. "Sie watumishi wa serikali tumekatazwa mambo ya chama. Ikijulikana ulikuwepo, kazi sina. Mwambie si wewe, gazeti limesema uongo."

Jioni hiyo hiyo akaja mama jirani, kiongozi wa wanawake wa chama pale mtaani. Ndiye aliyenipa kadi ya chama, ile niliyoificha ndani ya debe la mchele mume wangu asiione. Naye alikuwa na gazeti mkononi.

"Mwanangu, wametutukana," akasema. "Watu wote wale eti wachache. Atakayekuuliza mwambie gazeti limesema uongo. Ukinyamaza nitajua umehamia kwa mabwana wa mumeo."

Nilichanganyikiwa, na hasira zikanipanda. Watu wawili wasiopatana walinitaka niseme maneno yale yale. Hakuna aliyeniuliza mimi niliona nini.

Karani mkuu alikuja Jumapili baada ya ibada. Jirani alipomwona anaingia akamfuata nyuma, akajifanya kaja kuazima kinu. Nikawapa shikamoo wote wawili. Karani mkuu akalitandaza gazeti juu ya meza, akaweka kidole usoni pangu.

"Huyu ni wewe, mama?"

Mume wangu alikuwa akitazama viatu vyake. Jirani alikuwa amekishika kinu, hakiinui.

"Gazeti limesema uongo," nikasema.

Karani mkuu akashusha pumzi, akamwambia mume wangu wataonana kesho kazini. Jirani akanipiga bega, akaondoka akitabasamu, kinu akakisahau. Mume wangu akanishukuru mara mbili, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo. Wote waliridhika isipokuwa mimi, na mpaka leo sijui nilikuwa nimesema kweli au la.

Lile gazeti mume wangu alilichoma jikoni, akasubiri liishe lote. Sikuwa nimewahi kupigwa picha kabla ya hapo, na nilipopigwa tena nilikuwa na mvi. Wajukuu huniuliza nilikuwaje ujanani. Sina cha kuwaonyesha. Ilikuwapo moja tu, nami niliikana.