Tumbo la Dada Eliza

Nakumbuka asubuhi moja sokoni Makambako, miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na mitumba ikaanza kumiminika. Dada yangu Eliza alikuwa akiuza masweta, mimi nikimsaidia kupanga. Ghafla akashika tumbo, akakaa juu ya belo la nguo, jasho likimtoka na baridi yote ile. Alikuwa katika siku zake. Tangu avunje ungo, kila mwezi ilikuwa hivyo.

Unajua watu walisemaje, mwanangu? Kwamba anadeka! Na kwa kuwa alikuwa ameolewa na hajapata mtoto, mama mkwe wake akaongeza kwamba alitoa mimba usichanani. Nikikumbuka neno lile, damu bado inanichemka.

Wakwe wakaitisha kikao kwao Mjimwema, pale Njombe, wapate kumrudisha kwetu. Tulikwenda na mama, pamoja na dada yake, mama mkubwa Tulia, aliyetoka Mawengi. Wakasema weee, Eliza ameinamisha kichwa. Mama yetu akamnong'oneza, "Vumilia, sisi wote tumepita huko."

Mama mkubwa akasikia, akasimama, akamgeukia mama.

"Tumepita huko! Mbona hukumwambia? Mama yetu sisi, bibi yake huyu, alikuwa akitambaa sakafuni kwa maumivu haya. Mimi nilirudishwa kwa wazazi kwa sababu ya maumivu haya haya. Tukanyamaza, na leo mtoto anatukanwa mbele yetu! Wakwe zangu, huyu hana kosa. Ni mgonjwa, na ugonjwa wenyewe ametoka nao kwetu."

Kesho yake akampeleka hospitali yeye mwenyewe. Daktari aliposikia habari za bibi na mama mkubwa, hakumwambia avumilie kama wengine walivyomwambia. Alimfanyia upasuaji, akakuta nyama zinazofanana na utando wa ndani ya mfuko wa uzazi zimeota nje yake. Akauita ugonjwa huo endometriosis. Akatueleza kwamba mwanamke ambaye mama yake au dada yake anaugua yuko katika hatari zaidi, ingawa si kila mmoja ataupata, na wapo wanaoupata bila ndugu yeyote kuugua.

Maumivu yalipungua sana. Mtoto hakupata. Mumewe akaoa mwingine, na Eliza akarudi kwenye masweta yake bila kumwomba mtu radhi.

Kinachoniudhi, mwanangu, si ugonjwa. Ni midomo ile iliyofungwa tangu enzi za bibi, halafu ikafunguka kumtukana mgonjwa.

Basi usione haya. Waulize mama zako, mama wakubwa na shangazi, waliumiaje. Maumivu yanayokulaza chini kila mwezi usiyaite ya kawaida. Mweleze daktari, na umtajie ndugu zako walioumwa. Nawe kijana wa kiume, mkeo akiumwa mpeleke hospitali, usimpeleke kikaoni.

Mungu akulindie mwili wako, akupe na watu watakaokuamini ukisema unaumwa.