Sahani za Watu

Majivu yaliyochanganywa na limau yana harufu yake, kali kidogo, ya kung'arisha bati. Juzi niliisikia nilipopita nyuma ya nyumba moja hapa Ngamiani, na papo hapo nikarudi miaka ya hamsini, nimechuchumaa uani kwa bibi yangu mbele ya rundo la sahani za harusi.

Wakati huo ukoo wetu ulishakubaliana kwamba sitafika popote. Shangazi Mwanaidi alikuwa akisema mbele ya wageni, "Huyu mtume dukani alete chumvi, bizari na mafuta. Atarudi na mafuta, na hadithi ndefu." Leo stashahada yangu ya ualimu, niliyoifuata ng'ambo kwa jasho langu mwenyewe, imetiwa kioo na kutundikwa sebuleni, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa asiione. Nimeitundika makusudi.

Mtaani kwetu harusi ilikula kwenye vyombo vya kila nyumba. Watu waliazimisha sahani zao za bati zenye maua, na Bibi Mwanakombo, mama yake shangazi, ndiye aliyezipokea na kuzirudisha. Hiyo ndiyo iliyokuwa heshima yake. Hakuna aliyepanga karamu bila kwanza kuja kukaa kwenye mkeka wake. Ili zisichanganyike, kila mwenye sahani alitia alama ya rangi kwa chini. Sasa harusi ya binamu yangu Zuhura ilipokwisha, wasichana walioosha vyombo walitaka wasifiwe. Walisugua kwa majivu na limau, wakaongeza mchanga, mpaka sahani zikametameta na alama zote zikatoka.

"Mama, waite watu waje wachague zao," shangazi alisema.

"Nani atachagua mbovu?" Bibi akamjibu. "Kabla ya adhuhuri watakuwa wameshikana kanga. Na harusi ijayo hakuna atakayenipa hata kijiko."

Shangazi alikuwa katika nguvu zake, na macho yake nayo vilevile. Akichungulia chumba mara moja tu, aliweza kukutajia kila kilichomo. Lakini siku za kuazima alikuwa jikoni. Aliyezibeba sahani kutoka kila nyumba ni mimi.

"Basi tumekwisha," akasema. "Kichwa cha huyu chujio."

Akazitandaza zote mkekani, niseme ipi ya nani. Nilijaribu. Pengo la sahani moja likahamia kwenye nyingine, ua lililochubuka likaruka huku, doa jeusi likaruka kule. Nikaanza kulia.

"Mume wangu, usimsikilize huyo, ana wivu," Bibi alisema. Akalifunika rundo kwa kanga na kuchomoa sahani tatu tu. Akazigusa moja moja, midomo ikimcheza, kisha akazisogeza kwangu. "Tazama hizi. Nyingine hazipo duniani."

Tatu zikatulia machoni. Moja ilikuwa na pengo ukingoni, na nikakumbuka lilivyonikwaruza kidole mlangoni kwa Mama Saumu. Nikaenda nazo.

"Shikamoo."

"Marahaba. Nani kakwambia hii yangu?"

"Pengo lake."

Mama Saumu akalipapasa kwa dole gumba, akaangua kicheko. "Pengo hili nililitia mimi, siku niliyomrushia mume wangu nikamkosa."

Basi ikawa hivyo, tatu, kisha tatu. Shangazi alipotaka kuongeza ya nne ili tumalize upesi, Bibi aliisukuma pembeni kabla sijafungua mdomo. Nami nikamshukuru moyoni kwa kunihurumia.

Miaka mingi baadaye, darasani ng'ambo, mhadhiri alituonyesha vipande vya rangi kwa muda wa kupepesa jicho, kisha akavifunika na kutuuliza kipi kilikuwa wapi. Akaeleza kwamba jicho la mtoto hushika vichache kwa pamoja, likazidi kushika kadiri anavyokua hadi ujana wake ukomae, na uzeeni likaanza tena kupungukiwa. Wenzangu waliandika. Mimi nilinyoosha mkono nikawasimulia habari za sahani, na mhadhiri mwenyewe akaketi kunisikiliza. Nilikuwa katikati ya maneno nilipoelewa kwamba kanga ile ilifunika rundo kwa ajili yetu sote wawili. Mimi nilikuwa napanda, Bibi akishuka, na siku ile tulikutana penye sahani tatu. Kazi aliyokuwa akiifanya kwa kutupa jicho tu, sasa aliikata vipande vinavyomtosha, na hakuna aliyejua. Sijaona akili kubwa kuliko hiyo, nami nimeona vyuo.

Jua lilipokuwa likizama, kila nyumba ilikuwa imepata chake, bila mgogoro hata mmoja. Mkekani ilibaki sahani moja.

"Hii je?" Bibi aliuliza.

"Si yako, Bibi?"

Akaigeuza, akaitazama kwa muda mrefu, juu na chini.

"Ukisema yangu, mume wangu, ni yangu."

Nilicheka sana, nikidhani ananitania.